Mwanaume Kwenye Benchi la Akina Mama

Nilidhani daktari amechukua faili la mtu mwingine. Alikuwa kijana mpole, akasema polepole kwamba majibu ya kinyama walichonikata yamerudi, na kwamba ni saratani ya titi. Mimi nikageuka nikamtazama mke wangu. Nilimtazama kwa huruma, kwa sababu akili yangu yote iliniambia anayeambiwa ni yeye. Hata nikanyoosha mkono nimshike bega. Ndipo nikaona naye ananitazama mimi, machozi yameshamjaa, na daktari pia ananitazama mimi.

"Kwani mwanaume ana titi?" nikauliza.

"Nyama ni ile ile, mzee, ila kidogo," daktari akasema. "Wanaume wanaopata siyo wengi. Lakini wapo."

Naitwa Furaha. Nina miaka hamsini na moja. Ni fundi seremala, karakana yangu iko Kashaulili, hapa Mpanda mjini, nyuma ya soko, na kwa miaka tisa sasa ni mzee wa kanisa. Nyumbani kwetu ni Mwese, kule milimani. Naandika haya kwa sababu siku ile nilitoka kwenye chumba cha daktari nikiwa sijawahi kusikia habari za mwanaume hata mmoja mwenye ugonjwa huu. Ningesikia mapema, pengine mengine nitakayoyasema hapa yasingetokea.

Kivimbe nilikiona mwenyewe nikioga. Kilikuwa kama punje ya hindi, chini ya chuchu ya kulia, hakiumi. Nikasema ni ubao uliniparuza. Baada ya miezi kadhaa kikawa kama karanga, kisha chuchu ikaanza kuzama ndani kama inavutwa na uzi. Bado sikumwambia mtu. Jumapili nilikuwa nasimama mbele kanisani, naweka mikono juu ya wagonjwa na kuwaombea, halafu narudi kukaa na kitu changu ndani ya shati. Moyoni nilijiambia namwachia Mungu. Leo najua ulikuwa woga mtupu, nikaupa jina la imani ili nisiuone.

Aliyenipeleka hospitali ni mke wangu, baada ya kukuta tone la damu kwenye shati langu la ibada. Daktari aliponiuliza nina muda gani, nikamdanganya kuwa ni mwezi mmoja.

Siku ile ya majibu tulirudi nyumbani. Mke wangu akakaa kwenye kigoda cha jikoni akaanza kuchambua maharage ambayo hatukuwa na mpango wa kuyapika. Akaniuliza tena, ni lini hasa nilikiona. Nikamwambia ukweli: miezi kumi na minne. Alichambua maharage mpaka ungo ukabaki mtupu.

"Ndiyo maana ulianza kulala na shati," akasema.

Nikakubali.

"Ugonjwa haujanikasirisha, Baba Eliya. Hilo shati ndilo lililonikasirisha."

Kwa wiki mbili alinipikia, akanifulia, akanisindikiza kila nilikotakiwa kwenda, na hakuzungumza nami zaidi ya salamu; baadaye tukawa tunaongea ya hospitali tu. Eliya, mtoto wetu anayesoma Tabora, alipiga simu akauliza mbona nyumba imepoa. Kila mmoja wetu akampa jibu lake, na majibu hayakufanana.

Mchungaji wetu alipokuja kunitembelea nilimweleza yote, ila nikamwomba akitangaza kanisani aseme nasumbuliwa na kifua. Alisita. Nikamwambia siyo uongo, si kiko kifuani? Akatangaza hivyo. Basi waumini wakaniombea mapafu, na akina mama wakaniletea asali na tangawizi. Nikakaa sebuleni kwangu nikinywa dawa ya kikohozi nisichokuwa nacho, na kila aliyenipa pole nilimjibu kwa kukohoa kidogo.

Kiangazi kilikuwa kinaisha. Milima ilikuwa myeusi kwa moto wa kusafisha mashamba, na mvua za kwanza zilipodondoka nilipanda treni ya Tabora, kisha basi hadi Mwanza, kwenye hospitali kubwa nilikoandikiwa rufaa. Mke wangu alibaki kwa sababu mama yake naye alikuwa mgonjwa. Nilikwenda peke yangu.

Korido ya kliniki ile ilikuwa na benchi refu upande mmoja, na benchi lote lilikuwa na akina mama. Wengine walikuwa na waume zao wamesimama ukutani, kwa hiyo nami nikasimama ukutani. Nikajificha hapo kwa saa nzima. Muuguzi akatoka na mafaili, akaita, "Furaha!"

Nikasogea mbele.

"Nimemwita mgonjwa, baba. Ameenda msalani?"

"Mgonjwa ni mimi."

Akalitazama faili, akanitazama, akakosa pa kuweka macho. Benchi zima likanigeukia. Msichana mmoja alijiziba mdomo kwa kanga, nadhani alicheka, au pengine alishtuka tu kama mimi nilivyoshtuka. Mlango wa kutokea ulikuwa nyuma yangu. Naweza kuwaambia wazi kwamba nilishageuza mguu mmoja kuuelekea.

Maisha yangu yote nimeomba maombi marefu mbele za watu. Pale sikuweza kuomba hata uponyaji. Nilisema moyoni, Bwana, nipe miguu tu, ifike kwenye ule mlango wa daktari. Zilikuwa hatua kama sita. Ikafika.

Nilipotoka mle ndani sikujua niende wapi. Mama mmoja mnene, wa Kisukuma, akavuta kikapu chake kutoka kwenye benchi akapigapiga pale palipobaki wazi.

"Kaa, baba," akasema. "Hapa wote tumekuja kwa jambo moja. Unatoka wapi?"

Nikamwambia Mpanda. Akafurahi kama amekutana na ndugu, kwa sababu yeye alitoka Kibaoni, huko huko kwetu Katavi, alikohamia na mumewe na ng'ombe wao. Aliitwa Mama Kulwa. Alikuwa ameshapata dripu mbili za dawa ya saratani, na aliniambia kila kitu ambacho daktari hakuwa amepata nafasi ya kuniambia. Nibebe ndimu. Nisile chakula ninachokipenda siku ya dripu, maana nitakichukia maisha yangu yote. Na dripu ile nyekundu ikiingia, nikienda kukojoa nisipige kelele.

Hata hivyo nilipiga kelele. Mkojo ulitoka mwekundu kama maji ya rozela, nikashika ukuta nikaita, na Mama Kulwa akasikika kwenye korido akiwaambia wenzake, "Ni yule wa Mpanda, ameuona."

Dripu zilikuwa sita, kila baada ya wiki tatu. Baada ya ile ya kwanza mvua zikakaza na nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Ndevu zikafuata, kisha nyusi. Kucha zikawa nyeusi kama mtu aliyejipiga nyundo vidole vyote kumi. Harufu ya vanishi, ambayo nimeivuta tangu nikiwa na miaka kumi na saba, ikawa inanitapisha nikiwa bado barabarani, na vidole vikafa ganzi hata sikuweza kushika msumari. Karakana nikamwachia mwenzangu. Siku moja nilijiona kwenye kioo cha kabati nililokuwa nimetengeneza mwenyewe, nikasema shikamoo. Nilidhani ni mzee fulani ameingia.

Maombi yangu yakabaki kuwa mafupi. Niliomba kijiko kimoja cha uji kikae tumboni. Niliomba nipande basi bila kuomba msaada, na mara nyingi sikupewa hilo, nilipewa mtu wa kunishika mkono. Nilikuwa nimezoea kuhubiri juu ya imani inayohamisha mambo makubwa. Sasa nilishangaa kuona jinsi imani ya siku moja inavyotosha siku moja tu, na kesho yake inabidi uombe tena upya, kama vile jana hukupewa kitu.

Baada ya dripu ya pili nilipanda Mwese kwa ajili ya Krismasi. Nilikwenda kwa bodaboda kwenye tope, nikitapika kila tulipokata kona, na dereva alisimama kila mara bila kulalamika. Mama yetu ni mzee sana, haoni vizuri. Alikuwa akiishi na dada yangu mkubwa, Raheli, ambaye ni mjane mwenye mabinti wawili. Raheli ndiye aliyenilea mgongoni. Yeye nilikusudia kumwambia ukweli, siyo habari za kifua.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi ya akiba. Nikakaa nikamweleza yote, mpaka mkojo mwekundu. Nikatarajia alie, au aombe, au aniulize nimemkosea nani. Aliweka hindi chini. Akatazama kama kuna mtu, kisha akalegeza kanga.

Titi lake la kushoto lilikuwa gumu kama ubao na ngozi yake imevutwa kuelekea kwapani. Chini yake palikuwa na kidonda alichokibandika kipande cha kanga, kilichofuliwa mara nyingi mpaka maua yake yamefutika.

Nadhani nilisema jina lake tu.

"Tangu mwaka tulioezeka nyumba ya mama," akasema, akijifunika.

Ilikuwa miaka mitatu. Mimi ndiye niliyepiga misumari ya bati zile, na yeye ndiye aliyekuwa akinipandishia chai. Tulikula sahani moja wiki nzima.

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ni mwanaume." Akaokota hindi, akalishika tu bila kulipukuchua. "Na wewe mbona hukuniambia?"

Tulikaa pale nyuma ya nyumba, watoto wawili wa mama mmoja. Nilihesabu Jumapili zote ambazo yeye huku na mimi kule tulisimama kanisani tukaomba kwa ajili ya "haja za moyoni", na hakuna aliyejua haja ya mwenzake ni ile ile.

Alitaka asubiri mpaka karanga zivunwe. Nilimkatalia, tukagombana, na mwishowe mama yetu, bila kujua tunagombania nini, akamwamuru Raheli anisikilize. Januari tukashuka wote. Dripu ya nne tulikwenda naye Mwanza, akakaa kwenye benchi kati yangu na Mama Kulwa. Walimpiga picha, wakamtoa maji tumboni. Daktari aliniita pembeni akaniambia saratani imefika kwenye mifupa. Nilijua hesabu yake kabla hajaisema. Miezi yangu kumi na minne ilinisogeza karibu na mahali pabaya, nikavutwa nyuma. Miaka yake mitatu ilishampitisha hapo.

Tulipokuwa tunarudi Raheli aliniomba nimwombee. Nikafumba macho, nikafungua mdomo, nikashindwa. Nilimwambia dada, sina maneno, nimekasirika.

"Basi nitaomba mimi," akasema. Akamshukuru Mungu kwa kiti cha dirishani, na kwa dawa ya maumivu waliyompa, kwamba jana alilala. Akasema amina, akala chungwa.

Siku nyingine, kule Mwese, akiwa hawezi tena kuinuka, alinishika mkono akaniambia jambo moja. "Waambie wanangu. Na usiwaambie kwa mafumbo."

Aprili nilifanyiwa upasuaji. Walitoa titi, chuchu, na matezi ya kwapani, na mkono wa kulia ukabaki mzito hata kuchana nywele ambazo sikuwa nazo. Mke wangu alikuja Mwanza safari hiyo. Muuguzi alipotaka kumfundisha kubadilisha bandeji mimi nikageukia ukutani. Yeye hakugeuka. Aliosha mshono wote, toka katikati ya kifua mpaka kwapani, taratibu, kama anayeosha mtoto. Tuliporudi nyumbani, jioni ya kwanza, akaniambia, "Sasa vua hilo shati." Nikavua. Kuanzia siku hiyo tukaanza kuongea tena mambo ya kawaida, bei ya nyanya, kuku wa jirani, na sijawahi kusikia mazungumzo matamu kama yale.

Raheli alifariki Mei, asubuhi, karanga zikiwa zimeanikwa uani.

Msiba ulikuwa mkubwa. Mchungaji wetu alipanda kutoka mjini kuendesha ibada. Mimi kama mtoto wa mama aliyebaki nilipewa kusoma wasifu wa marehemu. Karatasi iliandikwa na baba yetu mdogo. Nikasoma alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba marehemu alisumbuliwa na kifua kwa muda.

Pale niliacha kusoma. Lilikuwa neno langu. Nililitoa mimi mwenyewe, nikampa mchungaji, likasemwa kanisani kwangu, na sasa limenifuata mpaka kwenye jeneza la dada yangu. Mbele yangu walikuwa wanaume wa ukoo mzima. Nikaomba sauti tu, sikuomba kingine.

Nikakunja karatasi. Nikasema, "Dada yangu hakufa kwa kifua. Amekufa kwa saratani ya titi. Aliificha miaka mitatu. Na mimi ninayo hiyo hiyo, nimekatwa mwezi uliopita, nami niliificha."

Mke wangu, aliyekuwa amekaa na wafiwa, aliinuka akaja kusimama karibu nami. Baba mdogo alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Ndipo sauti ikatoka kwenye mkeka, nyembamba, ya mama yetu, ambaye tulidhani hata hasikii kinachoendelea.

"Mama yangu alikufa hivyo," akasema. "Walisema amelogwa. Mimi ndiye niliyekuwa namfukuzia nzi."

Miaka hamsini na moja mimi ni mtoto wake, na sikuwahi kusikia bibi yangu alikufa kwa nini. Watu wakaanza kulia upya, kilio kingine kabisa. Mchungaji alishindwa kuendelea, kwaya ikamsaidia.

Baba mdogo hajazungumza nami hadi leo. Anasema nilimvua nguo dada yangu mbele za watu. Usiku na mchana nimelifikiri neno hilo, na sina hakika kama amekosea kabisa. Lakini Raheli alisema nisiwaambie kwa mafumbo.

Wiki iliyofuata nilishuka Mpanda na mabinti wake wawili wakapimwa. Mdogo hakukutwa na kitu. Mkubwa, Tabita, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka ishirini na minane, alikutwa na kivimbe kama punje. Majibu yalipokuja nilikuwa naye. Hakunitazama mimi kama nilivyomtazama mke wangu siku ile. Alijua ni yeye anayeambiwa.

Leo ninapoandika, mvua zimerudi. Mionzi niliimaliza kiangazi, ngozi ikaungua ikapona. Nameza kidonge kimoja kila siku, kinanipa joto la ghafla kama la akina mama wa umri wangu, na mke wangu hunicheka, nami nacheka. Mama Kulwa yuko hai, huniletea mchele kutoka Kibaoni na salamu kwa simu. Kanisani wanaume watatu wamenifuata pembeni kuniuliza maswali, mmoja wao akijifanya anauliza kwa niaba ya shemeji. Niliwajibu wote. Tabita wamemkata kivimbe peke yake kwa sababu kiliwahiwa, na dripu zake zimebaki mbili.

Safari yake ya kwanza ya dripu tulikwenda pamoja, mimi nikienda kuanza mionzi. Asubuhi ile stesheni ya Mpanda treni ilichelewa. Tabita alikaa juu ya begi lake, amefunga kitambaa kichwani ingawa nywele zake zilikuwa bado zipo.

"Mjomba," akaniuliza, "wewe uliacha kuogopa lini?"

Nina majibu mengi ya swali hilo. Nimeyatoa mbele ya kanisa kwa miaka tisa. Nikayapitia yote pale, nikaona hakuna hata moja ninaloweza kumpa mtoto wa Raheli.

"Sijaacha," nikamwambia.

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Leo asubuhi nimeomba nikiwa naogopa. Nilipomaliza kuomba bado nilikuwa naogopa. Lakini nilikuwa nimeshavaa viatu."

Akavitazama viatu vyangu, kisha vyake. Treni ilipoingia, aliinuka kabla yangu.